Isale, Maiki na Uongo Wangu

Nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba na nimestaafu kazi ya ukalimani katika usharika wetu hapa mlimani, kwa heshima zote na soda moja ya kuagwa. Kidato cha nne nimemaliza, matokeo nasubiri, na Mchungaji amewateua ninyi wawili wa kidato cha pili mshike maiki. Alitaka nije Jumamosi niwafundishe kwa mdomo. Nikamwambia koo linaniuma. Lilikuwa zima kabisa. Mimi nikisimama mbele ya watu na maneno yangu mwenyewe, naviambia viatu vyangu, hata benchi la mbele hawasikii. Kwa hiyo nimenakili haya kutoka kwenye daftari langu, zile kurasa zinazoweza kusomwa na watu.

Mtajiuliza mwoga kama mimi alitafsiri vipi miaka yote hiyo. Siri ni moja tu: maneno hayakuwa yangu. Mgeni akisema jambo la ajabu, ni yeye huyo. Mimi bomba, maji yanapita. Sijawahi kupata mahali pazuri pa kujificha kama pale mbele ya kanisa zima.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Anaeli, mwalimu mstaafu wa Kiingereza anayekaa Kijenge, kule chini Arusha. Alianza kutafsiri hapa mama yangu akiwa mtoto wa Sunday school. Macho yalipomchosha akanikabidhi kamusi yake, haina jalada, inaanzia herufi B. Maneno ya A alisema nikiyahitaji nimpigie simu.

"Simama nusu hatua nyuma ya mgeni," aliniambia. "Usimpite. Ukimpita, watu watadhani wewe ndiye mgeni na yeye ndiye anayekufuata."

"Sawa, Mwalimu."

"Omba karatasi ya mahubiri siku moja kabla. Na wakati wa sala usifumbe macho. Wewe uko kazini, Mungu anajua."

"Na nikikwama?"

"Sema, Bwana asifiwe! Watu watajibu, Amina! Hapo umepata sekunde tatu za kufikiri. Ukikwama zaidi, rudia. Usizidishe mara tatu, watadhani umepandwa na kitu."

Ninyi mtatumia simu, najua. Simu ni nzuri, mimi pia niliitumia. Ila siku moja ilinitafsiria mzee wa kanisa, Mzee Sifaeli wetu, kuwa kikongwe wa kanisa. Mzee Sifaeli mnamjua, hata arobaini hajafika. Yule mgeni alimshika mikono yote miwili, akamuuliza anakula nini mpaka uso haujakunjamana. Mzee Sifaeli akajibu, "Ndizi." Nikatafsiri, ndizi. Mgeni akaandika.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa, ambalo mmeshalisikia vipande vipande kwa watu wa kwaya. Wanakwaya huongeza chumvi. Hii ndiyo yenyewe.

Mgeni aliitwa Mama Hilda. Babu yake mzaa baba alikuwa mmisionari huku zamani sana, na yeye alikuwa amekuja na barua za babu huyo, amezihamisha mwenyewe kutoka lugha yao kwenda Kiingereza. Mama mpole, mrefu, anavaa soksi na makubazi. Alilala nyumba ya wageni pale nyuma ya kengele. Asubuhi ya kwanza, kwenye chai, Mchungaji akaniambia nimuulize amelalaje. Mama Hilda akacheka, akasema vizuri sana, ila kengele ililia saa ambayo aliiita *heathenish*.

Neno nililijua. Herufi H ipo kwenye kamusi yetu. Nikatafsiri bila kusita: "Amelala vizuri, Baba Mchungaji, ila anasema kengele yetu inalia saa ya kipagani."

Mchungaji akaweka kikombe chini.

"Kengele ya kanisa?"

"Ndiyo, Baba Mchungaji."

"Ya kipagani?"

"Ndivyo alivyosema."

Mama Mchungaji akasogeza sahani ya viazi, akasema taratibu, "Labda kwao saa kumi na moja alfajiri kuna watu wanafanya mambo yao." Mchungaji akafunga chai kwa sala ndefu kuliko kawaida, na kengele aliitaja kwa jina.

Nilimpigia Mwalimu Anaeli jioni ileile. Alicheka mpaka akakohoa, nikasikia mke wake anauliza kuna nini. Alipopumua akanieleza, na hili liandikeni. Neno lile, alisema, kwanza lilikuwa la watu wasiomjua Mungu wa hao wanaolisema. Wengine husema lilitoka kwa watu wa nyika, waliokaa mbali na mji, habari zikawafikia wamechelewa. Hata hilo la mpagani, ukilifuata huko lilikotoka, utamkuta mtu wa shamba tu.

"Kwa hiyo ni sisi wa huku mlimani," nikasema.

"Ninyi hasa."

"Na ninyi wa Kijenge?"

"Kijenge sasa hivi ni mjini, tuheshimu." Akaendelea. Mkia ule wa mwisho wa neno, alisema, unaonyesha kwamba kitu kinafanana na mambo ya hao watu, na anayelisema huwa amekunja pua. Baadaye Waingereza wakalizoea, wakalitumia kwa chochote kinachowakera: kelele, matope, kuamshwa mapema. "Ni kama panga," Mwalimu akasema. "Limechongwa kwa kazi moja, sasa mtu anakatia hata mkate. Lakini mkononi bado ni panga. Ukilisikia, mwangalie usoni anayelisema, ndipo ujue anakata nini."

Mama Hilda alikuwa amekata mkate. Nikaenda kumweleza Mchungaji, akafurahi sana, na kengele ikaendelea saa ileile.

Huo ungekuwa mwisho wa habari, lakini nyumbani kwetu kulikuwa na panga jingine.

Bibi yangu na wifi yake, Bibi Naomi, hawakuwa wanasalimiana mwaka wa nne. Bibi Naomi ni dada wa marehemu babu, alirudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, shamba lake linapakana na letu. Wanachota maji ya mfereji mmoja kwa zamu: Bibi siku zake, Bibi Naomi Alhamisi. Mwaka ule wa ukame, Alhamisi tatu mfululizo maji hayakumfikia Bibi Naomi, na miche yake ya kahawa ikakauka yote. Bibi akaapa mbele ya kamati ya mfereji kwamba fuko wanaochimba chini kwa chini wametoboa ukingo. Mimi nilikuwa darasa la saba. Nilimwona Bibi na jembe. Sikumwambia mtu, niliandika kwenye daftari.

Sasa Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali walikuwa wamempa siku ya upasuaji, Jumanne. Akakataa kwenda.

"Siendi kukatwa macho wakati Naomi hajaniitikia salamu," alimwambia mama. "Nikifa pale kitandani?"

"Mama, mtu hafi kwa mtoto wa jicho."

"Nikiona je? Nitakuwa naona sura yake imeninunia. Afadhali nibaki na ukungu wangu."

Kwetu, kama mnavyojua, mtu akikosa anapeleka isale, ule mmea wa uzio. Unachuma jani lake, unalifunga fundo, unakwenda nalo kwa uliyemkosea na unalitaja kosa lako. Likishafika mkononi, hakuna kukataa. Bibi alikuwa ameshapeleka mara mbili kupitia kwa mama. Mara zote mbili Bibi Naomi aliweka mikono nyuma.

"Mimi nimeokoka," alisema. "Mambo ya kipagani siyapokei. Siku nitakayosikia isale inasemwa vema kanisani, mniletee."

Mama akaenda kwa Mchungaji. Mchungaji akasema yeye hana tatizo na isale, uzio wa kanisa lenyewe ni masale matupu, basi Jumapili ya Sikukuu ya Mavuno, ibada ikiisha, kabla ya mnada wa mazao, atawasimamia wale mabibi wawili pale uwanjani na kusema neno jema. Bibi Naomi akasema atasikiliza. Akisikia neno la kanisani ni jema, atapokea.

Kwa hiyo Jumapili hiyo mambo yalikuwa hivi. Kanisa limejaa mikungu ya ndizi, mahindi, kuku wamefungwa miguu. Bibi yuko benchi la pili na isale ndani ya kanga, fundo amelifunga mwenyewe. Bibi Naomi yuko ng'ambo, upande wa kwaya, amenyooka kama mstari. Na mimi nina karatasi ya mahubiri ya Mama Hilda niliyoiomba siku moja kabla, nimeisoma mara nne, haina shida.

Mama Hilda akamaliza karatasi. Kisha akafungua mkoba akatoa karatasi nyingine.

Hilo hakuna aliyenifundisha, wadogo zangu. Waulizeni wageni: kuna nyingine mkobani?

Ilikuwa barua ya babu yake. Akasoma sentensi moja moja, akiningojea. Mvua zilivyonyesha, nikatafsiri. Mlima ulivyoonekana asubuhi, nikatafsiri. Kisha akasoma kwamba watu hawa wakigombana hupelekeana jani, *heathenish leaf*, jani la kipagani, na kwamba yeye amelipiga marufuku mlangoni pake.

Nikamwangalia usoni, kama Mwalimu alivyosema. Safari hii halikuwa la mkate.

Nikamwangalia Bibi. Haoni, lakini alikuwa amesikia kwenye sauti ya mgeni kwamba habari imefika pazito, na mkono wake ulikuwa umelikamata lile fundo ndani ya kanga. Nikamwangalia Bibi Naomi. Nikilitamka lile neno pale kwenye maiki, amepata sababu ya kuweka mikono nyuma mpaka siku ya mwisho, na Jumanne Bibi haendi popote.

"Bwana asifiwe!" nikasema.

"Amina!"

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Bwana asifiwe sana!"

"Amina..." wakajibu, lakini sasa wananiangalia vizuri.

"Anasema," nikaanza, na sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya kifaranga, "babu yake aliandika kwamba watu hawa wakikosana hupelekeana jani. Jani zuri sana. Alilipenda mpaka akalipanda mlangoni kwake."

Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja nyuma akapiga makofi. Mama Hilda alikuwa amesoma tusi, na watu wanamshangilia. Nilimwona anageuza karatasi kama vile amekosea ukurasa.

Kisha akaikunja. Machozi yakaanza kumtoka. Akasema analionea aibu lile neno, tangu alipolisoma moyo wake haujatulia, amesafiri njia yote ile ili alisome mbele yetu na kuliombea msamaha kwa niaba ya familia yake.

Jamani. Mimi ndipo nilipotamani ile sakafu ya kanisa iwe na mlango.

"Anaomba msamaha," nikasema.

Kuku mmoja akalia.

"Kwa lipi?" Mzee Sifaeli akauliza kutoka mbele.

"Kwa... kwamba babu alilipanda bila kuomba kibali."

Kanisa zima likacheka, kile kicheko cha upendo. Mzee Sifaeli akasimama. "Mwambie asilie! Isale inapandwa na kila mtu, haina kibali! Mwambie tumemsamehe yeye, na babu, na ukoo mzima!"

Hilo nikalitafsiri vilevile, neno kwa neno, tena kwa furaha. Mama Hilda akaziba uso kwa viganja. Nadhani aliona hajawahi kukutana na watu wanaosamehe kwa wepesi namna ile. Mchungaji alikuwa ananitazama. Yeye Kiingereza anakisikia nusu, na nusu yake ilikuwa imeanza kumsumbua.

Nilidhani nimepona. Ndipo Bibi Naomi akatoka kwenye benchi, akaja mbele polepole, akanyoosha mkono.

"Mkalimani, lete maiki."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Lete maiki."

Nikampa. Akaipuliza kwanza, kuona kama inasema.

"Huyu mtoto amewaambia uongo," alisema. "Mama huyu hakusoma jani zuri. Amesoma jani la kipagani. Mimi Kiingereza cha vitabu sikijui, lakini hilo neno nalijua. Nilipokuwa na umri wa mtoto huyu nilikuwa jikoni kwa mama mmoja wa kizungu, kule chini kwenye mashamba ya kahawa. Nikiunguza mkate, naitwa hilo. Nikicheka kwa sauti, hilo. Nikivua viatu, hilo hilo. Na nilikuwa nimebatizwa kabla yule mama hajajua Arusha iko wapi!"

Watu wakaguna. Mimi nilikuwa nimerudi nyuma hatua tatu, siyo nusu.

"Sasa mama huyu amelisoma, halafu ameliombea msamaha. Ninyi mmemsamehe habari ya kupanda." Niliona anatafuta pa kuweka macho. "Ni jambo kubwa, mtu kuja na neno la babu yake mkononi akasema, hili lilikuwa baya. Mimi lilikuwa la kwangu. Nililitoa jikoni kwa mzungu, nikalibeba mpaka nyumbani, nikampa wifi yangu. Mara mbili."

Mzee Sifaeli, aliyekuwa bado amesimama, akakaa taratibu.

Kisha akageuka upande wa benchi la pili. "Lete."

Bibi akasimama, akalitoa jani kwenye kanga, na kwa kuwa haoni, akampelekea Mzee Sifaeli.

"Huyo ni Sifaeli," Bibi Naomi akasema kwenye maiki. "Huku."

Mama akamgeuza Bibi kwa mabega. Wakasimama wakitazamana, kama kutazamana ni neno la kutumia kwa mtu mwenye ukungu machoni.

"Lakini kosa litajwe," Bibi Naomi akasema.

"Hapa?"

"Nilisema kanisani. Hapa."

Bibi akavuta pumzi. "Nilifungulia maji siku yako. Alhamisi tatu. Miche yako ikafa."

"Na fuko?"

"Fuko hakukuwa nao."

"Kamati ya mfereji wapo humu, wanasikia. Fuko alikuwa nani?"

Bibi akainamisha kichwa. "Fuko ni mimi."

Hapo kanisa likapasuka. Mwenyekiti wa kamati ya mfereji alicheka mpaka akaegemea mkungu wa ndizi. Lakini mimi niliangalia mikono. Bibi Naomi alitoa ya kwake, yote miwili, akalipokea jani na fundo lake, akalishika kifuani pamoja na maiki, tukasikia kupitia spika jinsi anavyopumua.

Mchungaji akanifinya bega. "Mgeni haelewi kinachoendelea. Mwambie. Na safari hii kila kitu, Upendo, kila kitu."

Nikamwendea Mama Hilda, nusu hatua nyuma yake, nikaanzia mwanzo. Nikamwambia uongo wangu na sababu yake. Nikadhani atanizaba kibao, lakini akaanza kucheka na machozi bado yapo. Nikamweleza habari ya mfereji, Alhamisi, jembe, na kwamba bibi yangu ndiye fuko. Wakati huo wale wawili walikuwa wameshaanza.

"Na uzee wote huu unaiba maji!"

"Na wewe mikono nyuma kama askari!"

"Miche kumi na mbili!"

"Ilikuwa kumi!"

Mama Hilda akaniinamia, akauliza kwa wasiwasi kama wanagombana tena. Nikamwambia hapana, sasa ndiyo wamepatana.

Bibi Naomi akatusikia tunanong'ona. Akalisogeza jani pembeni, akasema kwenye maiki, kwa sauti ya watu wote: "Jumanne wifi yangu nampeleka hospitali mimi mwenyewe. Huyu mtoto abaki nyumbani, asije akamwambia daktari kwamba macho ni mazima."

Watu walicheka wakaanza kunyanyuka kwenda mnadani. Mama Hilda alikuwa bado ananitazama, anangoja. Nikamtafsiria na hilo.